Kiti cha Mbele Kizunguke: Ilani ya Viongozi wa Diskasheni wa Nangara

SISI NI NANI

Sisi ni vijana wa kata ya Nangara, Mji wa Babati, mkoani Manyara. Baadhi yetu tumemaliza chuo na tunatafuta kazi. Wengine tumeipata: tunafundisha, tunauguza, tunakagua hesabu, tunashauri wakulima. Wengine bado tuko masomoni, Dodoma, Arusha, Morogoro na Dar es Salaam, na wapo wanaosoma hapa hapa Babati, ambako Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi yake. Kinachotuunganisha ni kazi moja ambayo kila mmoja wetu ameifanya akiwa mwanafunzi: kuongoza diskasheni, yaani kundi la kujisomea.

Kazi hiyo haina mshahara. Haiandikwi kwenye matokeo, wala haitajwi siku ya mahafali. Lakini tulipoulizana ni wapi tulijifunza kusimama mbele ya watu, kugawa kazi, kumsikiliza anayetupinga, na kumwambia mvivu ukweli bila kumvunjia heshima, hakuna aliyetaja ukumbi wa mihadhara. Tulitaja kundi.

Kwa hiyo tunaanzisha vuguvugu lenye lengo moja: kila kijana wa Nangara anayekwenda chuo aongoze kundi la kujisomea kabla hajahitimu, na akirudi nyumbani aitumie kazi hiyo kwa faida yake na ya majirani zake. Ilani hii inaeleza tulichokiona, tunachokiamini, tunachokikataa, tunachokidai na tunachoahidi kukifanya wenyewe.

HALI TULIYOIKUTA VYUONI

Aliyepita chuo chochote kikubwa nchini anajua siku ya mwanafunzi inavyokwenda. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama milangoni. Mhadhiri anamaliza mada, anafunga kompyuta, anaondoka. Hapo ndipo kusoma kunapoanza. Jioni watu wanatafutana. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanakwenda kwenye vimbweta, zile meza za zege zilizoenea kila upande wa chuo. Kwingineko ni darasa lililosahaulika kufungwa, veranda ya bweni au kivuli cha mti. Aliyeelewa anaeleza, asiyeelewa anauliza, na aliyedhani ameelewa anagundua kwamba alikuwa amekariri.

Diskasheni imewaokoa wengi wasipate sapu, yaani mtihani wa marudio, na wengine wasidisko, yaani wasiondolewe chuoni kabisa. Hilo halina ubishi, na si kwa ajili yake tumekaa kuandika. Tumeandika kwa sababu ya mambo matatu tuliyoyakuta humo ndani.

La kwanza, anayeongoza huwa ni yule yule. Kundi linamzoea mmoja mwenye kichwa chepesi, na kila wiki anashika chaki yeye. Wenzake wanageuka wasikilizaji wa mhadhara wa pili.

La pili, wasichana hupewa uandishi. Mwenye mwandiko mzuri aandike, asimamie chai, akumbushe watu muda. Akifika mwaka wa tatu ameandika madaftari mengi na hajawahi kusimama mbele ya kundi hata mara moja.

La tatu ni ugonjwa wa kuandikwa jina. Kazi ya kikundi ina majina 10, imefanywa na watu 3. Waliobaki wamechangia pesa ya kuchapisha, na wakati mwingine hata hiyo hawakuchangia. Alama ni moja kwa wote. Kinachotofautiana ni alichobaki nacho kila mmoja, na tofauti hiyo itaonekana mbele ya safari.

TUNACHOKIAMINI

Tunaamini kwamba katika diskasheni, anayefaidika kuliko wote ni anayeongoza.

Sababu yake haina uchawi. Anayesikiliza anaweza kutikisa kichwa hata kama hajaelewa. Anayeeleza hawezi. Akifika pale asipopajua, ulimi unakwama mbele ya watu saba, na usiku ule ule atatafuta kitabu. Anayejiandaa kuongoza lazima aichambue mada, ajue kipi kinatangulia kipi, na akisie mwenzake atauliza nini. Anayasoma maswali ya mitihani iliyopita akitafuta palipo na mtego. Kufika siku ya mtihani ameipitia mada mara tatu: alipoisoma, alipoiandaa na alipoieleza.

Faida hiyo ya mtihani inaisha na mtihani. Tunayoizungumzia sisi ni ile nyingine. Kila wiki kiongozi wa kundi anakuwa na watu wasiolazimika kumtii. Hana mamlaka ya kumpunguzia mtu alama wala kumwandikia barua ya onyo. Wakichoka watanyanyuka waende zao. Kwa hiyo anajifunza kuongoza kwa maandalizi, kwa haki na kwa lugha nzuri, kwa kuwa silaha nyingine hana. Ofisi nyingi humpa mtu cheo kabla hajajifunza hayo, na walio chini yake ndio wanaoumia wakati anajifunza.

Ikiwa faida kubwa inakwenda kwa anayeongoza, basi kumwachia mtu mmoja kiti cha mbele muhula mzima ni kumpa peke yake kilicho cha wote. Kwa imani yetu, uongozi wa diskasheni ni sehemu ya masomo, na kila mwanakundi anastahili zamu yake. Waswahili wamesema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kundi lenye mdomo mmoja limeziacha nyingine zote kichwani mwa wenyewe.

USHAHIDI WETU

Hatukuanza sisi, wala jambo hili halikutoka ng'ambo kuja kwetu.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ilitangaza vipindi kwa majuma 12, na nchi nzima watu walikaa kwenye vikundi kusikiliza, kusoma vitabu vyepesi na kujadiliana kuhusu malaria, kichocho, kuhara damu na usafi wa maji. Washiriki walifika kama milioni 2. Daktari mmoja mmoja kwa kila kikundi asingepatikana, kwa hiyo walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, watu wa kawaida wa vijijini. Kazi yao haikuwa kuhutubia. Walisoma kwa sauti, wakauliza kijiji chetu kikoje, wakahakikisha kikao hakiishi bila uamuzi: nani anachimba choo, nani anafyeka majani, lini. Huo ndio uongozi wa diskasheni, na ulifanywa na watu ambao wengi wao hawakufika hata sekondari.

Mwaka huo huo wa 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri, mjini Kansas City nchini Marekani, Deanna Martin alianzisha utaratibu unaofanana na huo. Mwanafunzi aliyefaulu somo gumu alirudi kuhudhuria mihadhara ya somo lile lile, kisha akaendesha vipindi vya kujadiliana na wanaolisoma sasa. Martin alifanya jambo la busara: hakuwatenga wanafunzi dhaifu, alichagua masomo magumu na kumfungulia mlango yeyote anayeyasoma. Aibu ikaondoka, na utaratibu ukaenea katika vyuo vya nchi nyingi.

Miaka ya 1990, Chuo cha Jiji la New York kilianza kutumia makundi ya namna hiyo katika somo la kemia. Baadaye watafiti wawili, Leo Gafney na Pratibha Varma-Nelson, waliwatafuta waliowahi kuongoza makundi ya namna hiyo, wengi wakiwa wameshamaliza chuo, na kuwauliza yaliwaachia nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Majibu hayakuishia kwenye kemia. Walitaja kujiamini, kufanya kazi na watu, na kujua kwamba mtu mwingine anaweza kuelewa jambo kwa njia isiyo yako.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Mlimani. Novemba 1967, wanafunzi wa kilichokuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliunda umoja wao wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Darasani walisoma yaliyo kwenye mtaala. Jumapili waliendesha madarasa yao wenyewe: walisoma kitabu, mmoja akawasilisha, wengine wakambana kwa maswali. Walimu kama Walter Rodney walikaa nao, lakini ratiba ilikuwa ya wanafunzi. Mwaka 1969 wakaanza jarida, Cheche, wakihariri na kulichapa wenyewe. Kati ya wahariri wake walikuwemo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 jarida lilitoa toleo maalumu lenye andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Mwisho wa mwaka huo, miezi michache tu baada ya chuo kuwa chuo kikuu kamili, serikali ilipiga marufuku umoja na jarida lake.

Umoja huo uliishi miaka 3 tu. Lakini tazama walikofika. Shivji akawa profesa wa sheria ambaye vizazi vya wanasheria wa nchi hii vimepita mikononi mwake, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale pale Mlimani. Hirji, mwanahisabati, akawa profesa wa takwimu za tiba. Meghji akawa waziri wa maliasili na utalii, kisha waziri wa fedha. Museveni ameitawala Uganda tangu 1986. Hatuwasifu wote kwa kila walichokifanya baadaye, na wao wenyewe walikuja kutofautiana vikali. Tunachosema ni kwamba profesa, waziri na rais walipita kwenye darasa lile lile lisilo na cheti, na kila mmoja aliondoka na uzoefu wa kushika hoja mbele ya watu wanaojua kubisha.

Kuna atakayesema: hao walikuwa hodari tangu mwanzo, kundi liliwakuta hivyo. Hoja hiyo ina uzito, na hatuwezi kuikata kwa mifano ya watu wakubwa. Tunaijibu kwa utaratibu. Kama uhodari ni wa kuzaliwa, zamu haitamdhuru mtu. Kama unajengwa na kazi, zamu itamjenga hata yule mpole wa pembeni. Kiti kikizunguka, hakuna anayepoteza.

FAIDA ZINAZODUMU

Tuseme wazi faida hizo ni zipi, kwa watu wa Babati na kwa kazi tunazozijua.

Kwanza ni usaili. Anayeomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma anapambana na mchujo wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Wenye shahada kama yake wamejaa ukumbini, na wengi wana alama zinazolingana naye. Mbele ya jopo anaulizwa aeleze jambo la kitaaluma kwa ufupi, au namna alivyowahi kutatua mgogoro kati ya watu. Ambaye hajawahi kuongoza chochote anajibu kwa maneno ya kitabuni. Aliyeongoza kundi ana kisa chake cha kweli: wawili waligombana juu ya kugawana kazi, tukafanya hivi, tukamaliza hivi. Na amezoea kukatizwa na swali katikati ya sentensi.

Pili ni kazi yenyewe, siku ya kwanza na ya elfu.

Mwalimu aliyeongoza diskasheni anaingia darasani akijua kwamba ukimya wa wanafunzi si dalili ya kuelewa. Anajua kuuliza swali na kungoja.

Muuguzi amesoma kwa Kiingereza, lakini mama aliyemleta mtoto kliniki anataka maelezo kwa Kiswahili, na wakati mwingine ni bibi anayeelewa Kiiraqw au Kigorowa peke yake. Kwenye diskasheni kazi hiyo ilifanyika kila siku: mada ilisomwa kwa Kiingereza, ikabishaniwa kwa Kiswahili, ikarudishwa kwa Kiingereza kwenye karatasi ya mtihani. Aliyeongoza amefanya mazoezi ya kulifikisha jambo gumu kwa mtu asiyelijua bila kulipotosha wala kumdharau.

Afisa ugani naye ana mtihani wake. Babati ni nchi ya mbaazi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua kutoka nje, bei ilianguka na wakulima wakabaki na magunia yao. Anayesimama mbele ya wakulima waliochoka na bei, kuwaeleza stakabadhi ghalani inafanyaje kazi na kwa nini mnada umechelewa, hawezi kuwasomea waraka. Aliyewahi kuongoza kundi anajua kuanza na maswali ya watu kabla ya majibu yake. Anajua pia kusema, "Hilo silijui, nitawaletea jibu kikao kijacho," na kulileta kweli. Ukifanya hivyo mara mbili, watu watakuamini mara ya tatu.

Mhasibu wa ushirika au wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, anakutana na jambo lile lile kwa sura nyingine. Mahesabu yake yanaweza kuwa sahihi hadi senti, lakini kama hawezi kuyaeleza mbele ya wanachama 30, watasema amekula pesa.

Tatu ni watu. Mhadhiri mwenye wanafunzi 400 atakuandikia barua ya udhamini kwa kuangalia orodha. Mlioketi kundi moja mnajuana kwa undani: nani hufika kwa wakati, nani hakubali kushindwa na swali, nani huwatetea wengine. Miaka 10 baadaye mmoja yuko benki, mwingine halmashauri, mwingine amefungua duka la pembejeo. Nafasi ikitokea, atakayekumbukwa ni yule aliyeonekana akifanya kazi.

Nne ni faida ya wale ambao ajira haikuja, na tuko wengi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo inataka kikundi chenye katiba, mihtasari, hesabu na andiko la mradi. Vikundi vingi vinakufa si kwa kukosa wazo, bali kwa kukosa mtu wa kuitisha kikao kikafanyika, kuandika kilichoamuliwa na kumfuata aliyeahidi asitekeleze. Kazi hiyo kiongozi wa diskasheni ameshaifanya. Akiwa na vijana wenzake wa Nangara wenye mashine ya kukamua alizeti au vifaranga, ataendelea pale alipoishia chuoni.

TUNACHOKIKATAA

Tunakataa uongozi wa jina. Mtu asiandike kwenye wasifu wake kwamba aliongoza kundi ambalo aliketi ndani yake mara mbili.

Tunakataa diskasheni kugeuzwa duka. Kuuza madesa, zile nukuu za masomo, kutoza kiingilio na kuficha maswali hadi ulipwe kunawafukuza wale wanaosubiri bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, na wale wasio na mkopo kabisa.

Tunakataa kufanya kazi za wenzetu kwa jina la kuwasaidia. Kiongozi anayemwandikia mwenzake kazi amemnyima masomo na kumfundisha udanganyifu.

Tunakataa pia kauli kwamba diskasheni inaziba pengo la wahadhiri na madarasa. Haizibi. Chuo kinachowaachia wanafunzi wafundishane kwa sababu hakina walimu kimekwepa wajibu wake, nasi hatutakubali juhudi zetu ziwe kisingizio.

TUNACHOKIDAI

Kwa vyuo. Fungueni madarasa jioni na muache taa zikiwaka. Wapeni viongozi wa makundi mafunzo mafupi mwanzoni mwa muhula: namna ya kuuliza, kugawa muda, kushughulikia mzozo. Daftari la kundi likionyesha kwamba mwanafunzi aliongoza kweli, mkuu wa idara aweke saini kwenye barua ya kuthibitisha. Karatasi moja yenye muhuri haina gharama kubwa, na itamfaa mtoto wa mkulima asiye na mjomba ofisini.

Kwa waajiri, wakiwemo wa hapa Babati, shule, zahanati, benki na vyama vya ushirika. Kwenye usaili ulizeni, "Uliwahi kuongoza wenzako kujifunza jambo gani, na nani lilimshinda?" Sehemu ya pili ya swali itawatenganisha wa kweli na wa maneno.

Kwa Halmashauri ya Mji wa Babati. Tunaomba vyumba vya madarasa katika shule za kata wakati wa likizo za vyuo, ili wanafunzi waliorudi nyumbani waendeshe makundi yao na wawaongoze wadogo zao wa kidato cha tano na sita. Funguo tutazirudisha na madarasa tutayafagia.

Kwa wazazi wetu. Shikamooni. Binti akirudi likizo na kuaga kwamba anakwenda diskasheni, msimhesabu mzururaji. Muulizeni leo anaongoza mada gani. Kijana akisema anakwenda, mwulizeni hivyo hivyo. Na kazi za nyumbani zigawanywe sawa, ili muda wa kusoma usiwe wa kaka peke yake.

KANUNI ZETU

Kundi lolote litakalojiunga nasi litafuata kanuni hizi.

1. Watu wawe 5 hadi 8. Wakizidi, kundi ligawanyike.

2. Kiti cha mbele kizunguke kila kikao. Hakuna anayeongoza mara ya pili kabla kila mmoja hajaongoza mara ya kwanza. Mwenye aibu anaweza kuanza na nusu ya mada, lakini haruki zamu.

3. Uandishi nao uzunguke, wanaume na wanawake.

4. Anayeongoza aje na maswali matatu aliyoyaandaa mwenyewe, na asitoe jibu kabla watu wawili hawajajaribu.

5. Kila kundi liwe na daftari moja. Kila kikao kiandikwe: tarehe, mada, aliyeongoza, waliohudhuria, swali lililobaki na aliyeahidi kulitafutia jibu. Kikao kinachofuata kianze na swali hilo.

6. Asiyejiandaa mara mbili mfululizo aelezwe faraghani kwanza. Mara ya tatu jambo lije mbele ya kundi.

7. Jina la asiyefanya kazi halitaandikwa kwenye kazi ya kikundi. Hatutamtukana, na hatutamwandika.

8. Kikao kiwe na saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kikiisha usiku, hakuna dada anayeachwa arudi bwenini peke yake.

9. Hakuna kiingilio.

TUNACHOAHIDI

Sisi tuliokwisha kuhitimu tunaahidi kukutana na wanaokwenda chuo kabla hawajapanda basi. Anayekwenda Dodoma ana barabara ya lami ya kilomita 251, na anayekwenda Dar es Salaam ana safari ya kutwa nzima. Kabla ya safari hiyo ataketi nasi angalau jioni moja, aongoze mada ndogo mbele yetu, tumwulize maswali, tumkosoe kwa upole. Afike chuoni akiwa ameshaonja.

Tunaahidi kumsaidia kila mmoja kuandika kazi hiyo vizuri. Kwenye wasifu asiandike "nina uwezo mkubwa wa uongozi", maneno yanayoandikwa na kila mtu. Aandike alichokifanya: niliongoza kwa zamu kundi la wanafunzi 7 wa Takwimu kwa mihula miwili, tulikutana kila Jumanne, niliandaa maswali na kutunza daftari, wawili waliokuwa wamefeli jaribio la kwanza walifaulu mtihani wa mwisho. Kama hawakufaulu, asiandike. Usaili una watu wanaojua kuuliza.

Tunaahidi kuendeleza makundi baada ya chuo. Walimu wapya wa Nangara watakuwa na kundi lao la kujadili masomo yanayowashinda kufundisha. Wanaojiandaa na usaili watakuwa na lao, wakiulizana kama jopo. Wanaotaka mkopo wa halmashauri watajifunza pamoja kuandika andiko la mradi, na anayejua hesabu hatawaandikia wenzake, atawaongoza waandike.

Na tunaahidi kutojipa vyeo. Vuguvugu hili halitakuwa na mwenyekiti wa kudumu. Kama tunawataka wanafunzi wazungushe kiti, sisi tutakuwa wa kwanza kukizungusha.

WITO

Dada au kaka unayesoma ilani hii ukiwa chuoni: usingoje kuchaguliwa kiongozi wa darasa, na usingoje hadi uwe wa kwanza darasani. Chagua somo linalowatesa wengi. Watafute wanne ambao si marafiki zako wa siku zote, angalau mmoja wao awe wa mkoa mwingine. Pangeni siku moja ya juma. Nunueni daftari la kundi, muandike kanuni ukurasa wa kwanza. Kikao cha kwanza ongoza wewe, na kabla hakijaisha mtajeni atakayeongoza kikao cha pili.

Uliyehitimu na uko nyumbani, hujachelewa. Njoo na cheti chako au bila cheti, njoo na mada unayoijua. Kuna mwanafunzi wa kidato cha sita anayeshindwa na fizikia mtaa wa pili kutoka kwenu, na kuna kikundi cha akina mama ambao daftari lao la hisa limekuwa ugomvi. Pale panahitajika mtu wa kuongoza kikao kwa haki, na wewe ulishafanya kazi hiyo.

Tumeijadili ilani hii kwa zamu, kifungu kwa kifungu, kila kimoja kikiongozwa na mtu tofauti. Palipokuwa na ubishi tumebishana hadi tukakubaliana, na tukishaianza kazi tutaijadili upya kwa utaratibu huo huo. Anayetaka kuipinga anakaribishwa mbele, na kikao hicho ataongoza yeye.

Imepitishwa Nangara, Babati, mkoani Manyara.